Fagio Halitoki

Jina la Bi Subana hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa karakana ya manispaa, kwa sababu kile kikofia cha chuma wanachovaa mafundi kidoleni wasichomwe na sindano, yeye alikuwa hakivui. Alikula nacho, aliamkia watu nacho, na siku ya kuagwa kazini aliwapa mkono wakubwa nacho, mmoja wao akaruka akidhani amebanwa na mlango. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kutengeneza ovaroli za wafagiaji wa barabara: magoti yaliyochanika, mifuko iliyong'oka, zipu zilizokataa kupanda. Hakuna mtu mjini aliyeyajua magoti ya wafagiaji kama yeye.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Akashukuru, akaiweka kwapani, halafu akaomba kitu kingine. Alitaka marobota matatu ya ovaroli kuukuu yaliyokuwa yamelala stoo yakisubiri kutupwa.

"Mama, hizo ni za kuchomwa moto," mtunza stoo akamwambia kwa huruma.

"Basi nakupunguzia kazi ya kutafuta kiberiti," akajibu, na kufikia jioni marobota yote yalikuwa chumbani kwake.

Alikuwa anajua anachokitaka. Mji ulikuwa unajenga ukumbi mpya, na kamati ilitangaza kwamba ukuta ulio nyuma ya jukwaa utapambwa kwa kazi ya mikono ya mstaafu mmoja wa manispaa. Bi Subana alipeleka mchoro wa penseli juu ya karatasi ya kukatia kola: barabara ya maduka alfajiri, milango imefungwa, na katikati mtu amesimama. Kamati ikaupenda. Penseli haina rangi, na fagio alilolishika yule mtu lingeweza kuwa mwamvuli uliofungwa, hivyo hakuna aliyeuliza swali. Waliuliza vipimo tu. Ukuta ulikuwa mita nne kwa tatu.

Mita nne kwa tatu ni nyingi kuliko chumba alichopanga. Humo mlikuwa na kitanda, cherehani, meza ya pasi, na nafasi ya kugeukia kama hukushiba sana. Akaigawa picha katika mapande kumi na sita. Kila pande alilikata na kulipanga kitandani, akaliunganisha, akalipiga pasi upande wa nyuma hadi mishono ikalala, kisha akalitundika kwenye kamba juu ya kitanda. Miezi minane alilala chini ya barabara ya maduka, leo akiwa na nguzo za taa usoni, kesho mlango wa duka la vyuma. Mapande yalipokwisha aliyaunganisha mawili mawili, manne manne, hadi likawa tandiko moja zito ambalo hakuweza kulikunjua lote kwa wakati mmoja. Yaani kazi ilikuwa imekwisha na mwenyewe hajaiona.

Mtu wa katikati alikuwa mama yake. Vingine vyote vilitoka kwenye yale marobota, lakini mama alitoka kwenye ovaroli yake mwenyewe, ya rangi ya machungwa iliyopauka mabegani, ambayo Bi Subana aliitunza tangu msiba. Mgongo umeinama kidogo, kilemba kimefungwa, mikono imelishika fagio refu kuliko yeye. Fagio lilichukua wiki tatu peke yake, maana kila unyasi ulikuwa ukanda mwembamba uliopindwa na kushonwa kwa mkono. Na upande wa pili wa barabara, kwa mbali, alimweka msichana mdogo wa shule anayekwenda zake, mgongo tu, mkoba begani.

Kilichobaki kilikuwa kulitia pamba. Tandiko la viraka lisilo na pamba wala bitana ni kitambaa tu; likitundikwa ukutani linalegea, linapinda, na baada ya mwezi mmoja mama angekuwa amekunjamana uso. Mtu pekee mwenye mashine pana ya kushona tabaka tatu kwa pamoja alikuwa fundi magodoro wa karibu na stendi. Alilitazama lile furushi, akalipima kwa macho, akakuna kidevu.

"Nitakusaidia mama, lakini mashine yangu haina adabu," akasema. "Ikikuta mkunjo, inaushona hapohapo. Ikikuta uzi unaning'inia, inaumeza na kitambaa chake. Niletee likiwa tayari. Bitana izidi shubiri moja kila upande. Pamba katikati, na zote tatu zimepigwa bandi, mistari ikiachana kiganja kwa kiganja, ukianzia katikati kwenda nje. Lisiteleze hata kidogo. Na liwe hapa Jumatatu asubuhi, maana Jumanne naanza magodoro ya bweni na sinyanyui kichwa miezi miwili."

Ukumbi ulikuwa unafunguliwa baada ya wiki mbili. Bi Subana akahesabu siku kwa vidole, kile chenye subana kikiwa cha Jumatatu.

Kupiga bandi si kazi ngumu. Ni mishono mirefu ya kushikiza tu, itakayofumuliwa baadaye. Ugumu ni kwamba lazima utandike kitu chote chini, kimenyooka, bila hata punje ya mkunjo, na kwa hilo unahitaji sakafu. Bi Subana hakuwa na sakafu. Aliyekuwa na sakafu ni kaka yake.

Kaka huyo watu wote walimwita Mkuu, pamoja na ndugu zake, na sijui kama kuna siku mke wake alijisahau akamwita vingine. Alikuwa mkuu wa idara, sasa mshauri wa kamati ya ukumbi, na siku ya ufunguzi ndiye angesimama jukwaani kuhutubia. Sebule yake ilikuwa pana kiasi cha mgeni kuhitaji kupaza sauti. Wiki ile alikuwa safarini. Wifi mtu akasema, "Njoo Jumamosi, wifi. Harudi mpaka Jumapili jioni. Tutasukuma makochi ukutani."

Jumamosi asubuhi wakasukuma makochi. Wakatandika bitana, sura ikiangalia chini, wakaivuta na kuikaza kwa utepe wa gundi pembeni. Juu yake pamba, iliyokuwa imekunjuliwa tangu jana yake ili mikunjo ilale. Juu ya pamba, lile tandiko. Lilipofunguka lote, Bi Subana akarudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani, na kwa mara ya kwanza akakiona alichokishona. Wifi alitia mikono kiunoni.

"Huyu ni mama mkwe kabisa," akasema. "Hata namna anavyokunja kiwiko."

Bi Subana akatunga uzi sindano mbili. Akampa wifi moja.

Wakapiga magoti, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakaanza katikati. Wifi hakuwa fundi, ila alikuwa na ari kuliko mafundi wengi, na Bi Subana akamfundisha kama alivyofundishwa yeye: "Choma hadi sindano igonge sakafu, halafu irudishe juu. Ukisikia imegonga, ujue umepita tabaka zote." Ilikuwa kanuni nzuri. Aliifuata miaka yote juu ya saruji ya karakana. Wakachoma, wakairudisha, wakapiga soga, wakawasengenya watu wawili watatu wanaostahili, na kufikia saa saba mchana robo tatu ya mistari ilikuwa imekwisha.

Ndipo mlango ukafunguka, Mkuu akaingia na begi lake. Safari ilikuwa imekatishwa.

Kwanza alitabasamu. Alipenda kusema kwamba dada yake ni msanii. Kisha macho yakafika katikati ya sebule, na tabasamu likakauka.

"Hicho alichoshika mama ni nini?"

"Shikamoo, kaka. Ni fagio."

"Naona kwamba ni fagio. Nauliza linafanya nini pale."

"Linafagia," akasema Bi Subana, na wifi akainamisha kichwa kuficha kicheko.

Mkuu aliweka begi chini polepole. "Nitasimama mbele ya watu mia tano. Viongozi, wageni, waandishi wa habari. Halafu nyuma ya kichwa changu mama yangu anafagia barabara?"

"Ndivyo alivyotulea."

"Unajua shuleni nilikuwa naitwa nani? Vumbi. Nilipigana kila wiki kwa ajili ya jina hilo. Nimefanya kazi miaka arobaini ili lisahaulike, na wewe unalipeleka likatundikwe ukutani!" Sauti yake ilipasuka kidogo, na hapo hakuwa anajifanya. "Mweke kikapu. Mweke maua. Mweke mikono mitupu hata, mtu hawezi kusimama tu?"

"Kikapu cha nini alfajiri, maduka yote yamefungwa?"

"Basi toa hiki kitu kwenye zulia langu!"

Akainama, akakamata pembe ya tandiko, akavuta kwa nguvu. Tandiko likainuka. Zulia nalo likainuka. Meza ndogo iliyokuwa ukingoni mwa zulia ikainama, na chombo cha maua cha plastiki kikabiringika hadi kwenye kiatu chake. Mkuu akavuta tena, asiamini, na sebule nzima ikasogea kuelekea kwake.

Zulia halina mlio. Sindano haikuwa na kitu cha kugonga, kwa hiyo mafundi wawili walikuwa wamechoma wakisubiri kugonga, na kila mshono ukaenda hadi kwenye nyuzi za chini. Tandiko, pamba, bitana na zulia la Mkuu vilikuwa kitu kimoja.

Wifi alishindwa. Alicheka hadi akakaa chini. Bi Subana naye angecheka, kama asingekuwa amekwisha kuona maana yake: saa tano za kazi, na zote ni za kufumua.

Mkuu aliachia ile pembe. Aliposema tena, alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa na meno. "Sikiliza, mdogo wangu. Makosa hutokea. Kaeni hapa, fumueni, anzeni upya, sakafu ni yako mpaka Jumatatu. Nitaagiza hata watu wa kukusaidia kubeba. Ila hilo fagio litoke. Funika kiraka juu yake, dakika kumi. Lisipotoka, kifungashe kitu chako uondoke nacho."

"Fagio halitoki," akasema Bi Subana.

Akachukua mkasi mdogo, akapiga magoti, akaanza kukata nyuzi, mmoja mmoja, mbele ya macho ya kaka yake. Hakuharakisha. Wifi akafuta machozi ya kicheko, akachukua mkasi wa jikoni, akakata upande wa pili. Mkuu alisimama pale muda wote kama mwenye nyumba anayelinda samani zisiibwe, na walipomaliza alisogea pembeni kumpisha dada yake na furushi lake.

Huenda unasema ni ubishi tu. Fagio ni fagio, ukumbi ni ukumbi, mtu anashona kiraka kimoja maisha yanaendelea. Bi Subana ana ubishi, sikatai, lakini hilo halikuwa ubishi.

Alipokuwa na miaka kumi na moja, siku moja alikuwa anakwenda shule na wenzake wanne, wasichana wa nyumba zenye geti. Barabara ya maduka. Mbele yao, upande uleule, mama yake anafagia. Mama alikuwa amekwisha kumwona na ameanza kunyoosha mgongo. Na yeye, mtoto wa tumbo lake, akasema, "Tuvukeni, kule kuna vumbi." Wakavuka. Alipita upande wa pili bila kugeuza shingo. Jioni mama alimwekea chakula, akamuuliza masomo, hakusema neno. Baada ya wiki mama hakuonekana tena barabara ya maduka. Miaka mingi baadaye, kwenye msiba, nyapara wa wafagiaji, ambaye akiwa binti mpya kazini alifundishwa na mama, ndiye aliyemwambia: mama yako aliomba mwenyewe kuhamishwa. Alihamia barabara ya machinjio, ambako hakuna aliyekuwa anataka kwenda, na alifagia huko hadi nguvu zilipomwisha. Alipoulizwa sababu alisema kule madukani anawasumbua watoto wa shule.

Bi Subana hakuwahi kumwambia mtu habari hiyo. Aliishona.

Jumamosi ileile, furushi kichwani, alikwenda moja kwa moja kwa nyapara, ambaye sasa alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja.

"Dada, nahitaji sakafu."

"Ya ukubwa gani?"

"Mita tano kwa nne."

Nyapara alifikiri kidogo. "Barabara ya maduka ina mita mia sita," akasema. "Utachagua."

Jumapili maduka hayafunguliwi, na barabara ile ni ya zege, iliyolainishwa na miaka ya miguu na magurudumu. Jua lilipochomoza wafagiaji wanane walikuwa wamefika, ndani ya ovaroli ambazo Bi Subana alizijua moja moja kwa viraka vyake. Walifagia. Wakamwaga maji na sabuni, wakasugua, wakasuuza, wakarudia mara tatu. Jua lilipokausha, nyapara akamwita Bi Subana akague. Bi Subana akachukua kitambaa cheupe, akainama, akapangusa zege kwa mkono mzima. Kitambaa kikarudi cheupe. Wafagiaji wakasimama wima zaidi.

Wakavua viatu. Wakatandika bitana na kuikaza kwa matofali yaliyofungwa matambara, wakaleta pamba, kisha tandiko, likiwa limeviringishwa kwenye bomba, wakalikunjua taratibu kutoka ukingo mmoja. Barabara ya maduka ikatandikwa juu ya barabara ya maduka. Wanane wakapiga magoti.

"Choma mpaka igonge," akasema Bi Subana. Na sindano ikagonga. Ukisikiliza vizuri uliisikia mtaa mzima, tik, tik, tik, kutoka katikati kwenda nje.

Watu wakaanza kusimama. Waliotoka ibadani, waliokwenda sokoni, mzee mmoja aliyetaka kujua kama kuna kiongozi anakuja ndiyo maana pametandikwa. "Kiongozi tunaye, yule pale katikati," nyapara akamjibu, na yule mzee akavua kofia kumtazama vizuri.

Saa nne gari la Mkuu likaingia barabarani, likakuta limezibiwa njia. Likapiga honi. Hakuna aliyenyanyuka. Likapiga tena, na mfagiaji mmoja akaonyesha kwa sindano kibao cha kuonyesha njia nyingine. Mkuu akashuka, mke wake akashuka upande wa pili. Mkuu alikuja hadi ukingoni, viatu vikimeta, akasema kwa sauti ya chini ili watu wasisikie.

"Umefikia hapa. Barabarani."

"Nilikosa sebule, kaka."

"Unamdhalilisha mama. Tazama watu walivyojaa. Watu watasema."

"Waseme." Bi Subana alikuwa bado amepiga magoti, kando ya fagio. Hakushusha sauti. "Kaka, yule msichana wa shule kule pembeni, unamjua ni nani?"

Mkuu akatupa jicho. "Mtoto tu."

"Ni mimi."

Akamwambia. Akawaambia wote, kwa kweli, maana mtaa ulikuwa kimya: wale wasichana wanne, mgongo wa mama ulioanza kunyooka, lile neno vumbi, barabara ya machinjio. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Nyapara aliinamisha kichwa, akikubali kila neno.

"Wewe ulipigana kwa ajili ya jina," akamalizia. "Mimi sikupigana hata mara moja. Nilivuka. Barabara hii nimekwisha kuivuka mara moja, kaka, na sivuki tena. Nenda kahutubie mbele yake, au usihutubie. Fagio halitoki."

Mkuu aliangalia fagio, akamwangalia yule msichana wa kitambaa, akaangalia watu. Kwa muda mfupi Bi Subana alidhani atainama kufungua kamba za viatu.

"Mzee," nyapara akasema kwa adabu, "ukitaka kuja huku, vua viatu. Kama hutaki, zunguka."

Mkuu akatia mikono mifukoni. Akageuka, akavuka barabara hadi upande wa pili, akapita kando ya milango iliyofungwa, akienda zake bila kugeuza shingo.

Mke wake hakumfuata. Alikuwa tayari amevua viatu, amevipanga ukingoni pamoja na vile vya wafagiaji. Akaja akikanyaga kwa uangalifu, akapiga magoti mahali alipokuwa amepiga jana, upande wa pili wa mama mkwe.

"Nipe sindano, wifi," akasema. "Hapa angalau hakuna zulia."

Bi Subana akampa. Ila hakuinama papo hapo. Alibaki akimtazama kaka yake, ambaye alikuwa anapungua kuelekea kona, mabega yamekazwa, kichwa kimeshikiliwa mbele kwa nguvu zote ili kisigeuke. Miaka arobaini na saba alikuwa anajiuliza mama yake aliona nini asubuhi ile. Sasa aliona. Akasogeza goti, akachoma hadi sindano ikagonga, na mstari wa fagio ndio alioumaliza kwanza.